Chupa ya Mwaka 1986

Kizibo kilikutwa kwenye sakafu ya stoo Jumatatu asubuhi, povu limetapakaa mpaka mlangoni. Chupa yenyewe ilikuwa ya mwaka 1986, kutoka Bordeaux. Mzee Bagenda, daktari mstaafu wa mtaa wa Capri Point, hakumruhusu mtu hata kuifuta vumbi.

"Mvinyo huu hautoi povu," aliwaambia polisi. "Nimeibiwa!"

Wakamkamata Shimba, mlinzi, kwa kuwa alijua ufunguo wa stoo ulipofichwa. Siku ya tatu jalada likamfikia Inspekta Odeta.

Odeta hakuwa mnywaji, lakini majibu ya maabara aliyaelewa: ndizi na mtama. Mtu alikuwa amejaza rubisi, pombe ya Wahaya, nayo ikaendelea kuchacha humo hadi ikafyatua kizibo.

Alimkuta mzee sebuleni, chini ya picha za mashamba ya mizabibu. Kila mwaka alikwenda Ufaransa kuyatembelea. Aliyajua kuliko kibanja cha migomba cha baba yake kule Muleba.

"Shikamoo, mzee. Chupa hii uliiweka ya nini?"

"Marahaba. Ya mwanangu, Jovinary. Kazaliwa mwaka huo. Tungeifungua siku ya harusi yake." Mzee akakohoa. "Alifariki mwaka jana. Sasa nimepata mnunuzi Paris."

"Mwizi angeondoka na chupa. Huyu kairudisha, tena imejaa. Nani humu ndani kalelewa kwamba chombo hakirudishwi kitupu?"

Mzee aligeukia mlangoni. Mkewe, Mama Bernadetta, alikuwa anaingia na kahawa.

"Shikamoo, mama. Umesafiri karibuni?"

"Marahaba. Nilikwenda Muleba, kwenye kaburi la mwanangu. Nimerudi Jumamosi."

"Ukarudi na rubisi?"

"Wifi yangu alinifungia kidogo."

"Unajua kuwa Shimba yuko mahabusu?"

Kikombe kikamponyoka. "Mahabusu? Si niliambiwa yuko likizo kwao Magu?"

Akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dirishani.

"Mwacheni Shimba," akasema mama. "Ni mimi."

"Eleza, mama."

"Mvinyo wa harusi ya mwanangu unywewe na mtu wa Paris? Asiyemjua hata kwa jina? Niliubeba mpaka Muleba. Nusu nikammiminia Jovinary kaburini, nusu nikanywa mwenyewe. Kwani mama wa bwana harusi hanywi?"

"Na rubisi?"

"Sasa ningerudishaje chupa tupu, mwanangu?"

Odeta alipiga simu kituoni, akaagiza Shimba aachiwe. Kisha akamgeukia mlalamikaji amwulize kama anaendelea na shauri. Mzee Bagenda alikuwa analia waziwazi, hata leso hakuitafuta. Inspekta alimwonea huruma, akaliacha swali lake.

"Hukunibakizia hata funda moja, Mama Jovinary?"

Mama Bernadetta alikuwa ameinama, anaokota vigae vya kikombe.

"Tangu tuzike hujakanyaga pale," alisema. "Ungekuja, ungekunywa."