Visahani Visivyoota Kitu

Kila Jumamosi akitoka shule, Laras huchemsha soya kwa ajili ya mama yake mdogo, Wiyati, mpima maji wa zahanati ya kijiji. Soya yenyewe nyumbani hutengenezewa tempe, vipande vya soya iliyochachushwa. Supu yake huchujwa, ikachanganywa na mwani ili igande, kisha humiminwa kwenye visahani vya maabara. Humo bakteria hula, huzaana, na kuonekana kwa macho kama vidoa.

Jumamosi ile mafuriko yalikuwa yamepungua, na kisima cha mtaa kilisubiri kupimwa. Laras alikuwa jikoni akikimbizana na Gilang, mtoto wa jirani wa miaka minne. Lahaula! Sufuria ikapinduka, supu yote chini. Hapakuwa na soya nyingine, na ulimi mkali wa mama mdogo aliujua. Akachukua chai nyepesi iliyobaki asubuhi, rangi ileile, akaijaza sufuria, akatia mwani kama kawaida, asimwambie mtu.

Wiyati alitia matone ya maji ya kisima kwenye visahani. Baada ya siku mbili vilikuwa safi.

"Haya jamani, choteni," aliwaambia majirani. "Havijaota kitu."

Jumatano Gilang alianza kuhara na kutapika. Ijumaa akazikwa.

"Walisema maji ni safi!" mama yake alilia. "Nimemnywesha nini mwanangu?"

Laras alishindwa kuvumilia. Akamvuta Wiyati pembeni.

"Ilikuwa chai, mama mdogo. Supu ilimwagika, nikaogopa."

"Chai? Yarabi! Laras, umefanya nini?" Wiyati aliketi chini palepale. Alipoinuka, aliwakataza watu kuchota, kisha wakachemsha supu mpya pamoja.

"Kisahani hiki nakitia maji machafu ya mtaro, vingine maji ya kisima," alisema. "Kisipoota, nitajua supu ni mbovu. Nilipaswa kufanya hivi tangu mwanzo. Kosa hilo ni langu."

Kesho yake vidoa vilijaa visahani vyote. Kisima kikafungwa, na maji yakaanza kuletwa kwa lori.

"Mama Gilang atanisamehe?" Laras aliuliza, machozi yakimtoka.

"Sijui. Huenda asikusamehe kamwe. Ila utamwambia, nami nitamwambia langu." Wiyati alimshika mkono. "Bakteria wakikosa chakula hawaonekani, mwanangu, lakini kisimani wapo. Ungesema supu imemwagika, ningekugombeza, yakaisha. Kugombezwa hakuui mtu."

Wakavuka ua wa jirani, wakabisha hodi.