Mfuko wa Maji Wenye Mdomo Mpana

— Nataka mfuko wa maji, ule wa kubeba mgongoni, wenye mrija.

Luz Dary aliijua sauti hiyo kabla hajainua uso. Miezi minane hakuwa ameisikia. Mbele ya kaunta alisimama Ancízar, kofia ya baiskeli mkononi, matope mpaka magotini, amekonda kuliko alivyomwacha.

— Maduka ya baiskeli yameisha Manizales nzima?

— Yapo. Ila yote yananipa mifuko yenye mdomo mdogo. Mimi nataka ule ambao mkono unaingia.

— Na ukaona uje hapa nilipo.

— Bi Amparo aliniambia leo hupo.

Luz Dary akageuka. Bi Amparo, mwenye duka, alikuwa kule pembeni anajaza upepo gurudumu ambalo lilishajaa kitambo.

Sasa, mtu na mchumba wake hawaachani hivihivi, na hawa wawili walikuwa na Jumapili yao moja ya Juni. Siku hiyo Ancízar alitakiwa kufika Neira, nyumbani kwa kina Luz Dary, kumposa. Kuku wawili wakachinjwa, supu ya sancocho ikawa jikoni tangu alfajiri, wajomba wakaja kutoka Aguadas na kofia mpya. Ikafika saa saba, saa tisa, saa kumi na moja. Simu yake imezimwa. Wajomba wakala, wakafuta midomo, wakaondoka bila kumtazama binti machoni. Luz Dary akaandika ujumbe mmoja: "Usinitafute tena. Mwanaume anayemkimbia baba yangu hawezi kuwa mume wangu." Kisha akaifungia namba.

Sasa huyu hapa, mteja. Na mteja huhudumiwa.

— Unapanda wapi siku hizi?

— Mlima wa Letras.

— Basi lita mbili. Wenzako wanapenda tatu, halafu wanabeba kilo nzima ya bure mpaka juu wakati njiani maji yapo. Na chukua mrija wenye kifuniko kwenye kinywa, la sivyo utakunywa mavi ya ng'ombe yanayorushwa na gurudumu.

— Umekuwa fundi.

— Nilipata muda mwingi wa kujifunza. Jumapili zangu zilikuwa wazi.

Lile neno lilikuwa lake Ancízar, akalipokea.

Luz Dary akashusha mfuko mmoja, akaufungua, akamsogezea puani.

— Nusa. Ukinuka plastiki leo, maji yatakuwa na ladha hiyo mwaka mzima.

— Haunuki.

— Unaweka nini ndani?

Swali hilo alimuuliza kila mteja. Lakini Ancízar alijikuna shingo kwanza kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

— Aguapanela.

Si ajabu. Waendesha baiskeli wa milima ile wote wanakunywa hiyo, maji ya sukari guru na limau, na asiyekunywa huulizwa kwao ni wapi.

— Ule wa zamani unao? Nipime kama huu utakaa kwenye begi lako.

— Acha tu, utakaa.

— Lete, Ancízar.

Akautoa polepole. Ulikuwa wa buluu, wenye mdomo mdogo kama wa chupa. Luz Dary aliufahamu vizuri. Ndicho kitu cha kwanza alichonunua kwa mshahara wake wa kwanza wa duka hili, akampa mchumba wake, na kwa kujiona mjuzi wa wiki tatu akamwambia, "Ukitumia suuza tu, inatosha."

Akawasha tochi ya simu, akachungulia. Pembe zote za ndani zilikuwa nyeusi kwa ukungu. Ndani ya mrija kulikuwa na utando mweusi kutoka juu mpaka chini.

— Huu umeuweka hivi tangu lini?

— Sikuutumia tena. Niliutunza tu.

— Tangu lini?

Ancízar akaanza kuchezea kamba ya kofia.

— Ilikuwa Juni, sivyo?

— Luz, nimekuja kununua mfuko.

— Nami nakuuliza. Ilikuwa Juni?

Kule pembeni pampu ikanyamaza.

— Alhamisi ulinijazia aguapanela, akasema Ancízar. Nikanywa nusu. Jumamosi nikapanda kidogo kulegeza miguu, maana Jumapili nilitaka nije Neira kwa baiskeli, baba yako anione. Nikamalizia iliyobaki.

— Iliyokaa siku mbili kwenye joto? Kwa nini hukumwaga?

— Uliichemsha wewe. Ningemwagaje?

Luz Dary akauweka mfuko wa buluu juu ya kaunta.

— Jumapili niliamkia hospitali, dripu mkono huu. Simu imebaki chumbani, haina chaji. Natoka Jumanne, umeshanifungia. Nikaja Neira, baba yako akanikuta getini, akasema nikirudi ataniachia mbwa.

— Yule mbwa hana meno.

— Najua. Lakini nilielewa ujumbe.

— Ungesema. Ungemwambia Baba palepale getini.

— Nimwambie nini? Kwamba zawadi ya binti yake na kinywaji cha binti yake vimenilaza hospitali? Wajomba zako wangekutania mpaka uzeeni. Na hapa kazini ulikuwa mgeni, kuuza mifuko hiihii. Nikaona bora waniite mwoga. Hilo naweza kuishi nalo.

— Na mimi je? Miezi minane nalala nikijua sikupendwa.

Hapo machozi yalimtoka Luz Dary, na hakuyaficha. Alikuwa na hasira naye, alikuwa na aibu, na juu ya vyote alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi. Alimtukana mtu aliyekuwa kitandani na sindano mkononi. Mwezi wa pili wa kazi Bi Amparo alimfundisha kwamba kitu chochote chenye sukari kikikaa kwenye mfuko usioingia mkono kitaoza tu. Tangu hapo kila mteja alimwonya. Haikumjia hata siku moja kumfikiria mteja wake wa kwanza.

Bi Amparo akasogea, anafuta mikono kwa tambara.

— Mimi nilijua mwezi uliopita, dada yake huyu alinisimulia. Nikasema nikikwambia utadhani nimetumwa. Nikamdanganya kwamba hupo. Mnifukuze dukani kwangu basi.

Hakuna aliyemfukuza. Luz Dary akauchukua mfuko wenye mdomo mpana, akauweka mbele ya Ancízar.

— Ingiza mkono.

Mkono ukaingia mpaka kwenye kifundo.

— Sogeza vidole. Unafika pembe zote?

— Zote.

— Basi ndio wako. Humu ni maji matupu, unanisikia? Aguapanela utakunywa kwenye kikombe, nyumbani.

— Nyumbani kwa nani?

— Jumapili, saa saba. Njia unaijua.

Alipotoka, Luz Dary alimwandikia mama yake: "Mama, Jumapili chinja kuku. Mgeni ni yule yule."

Jibu likaja papo hapo: "Yule aliyewafanya wajomba zako wavae kofia bure? Baba yako nimwambieje?"

"Usimwambie kitu. Mfunge mbwa tu."

Jumapili Ancízar alifika saa saba kasoro, jasho linamtiririka, mfuko mpya mgongoni umebaki matone. Mzee Evelio, baba wa Luz Dary, alimwonyesha kiti bila kumpa mkono. Sancocho ikapakuliwa. Hakuna aliyekula.

— Kijana, ile Juni ulipatwa na nini?

Ancízar akamtazama Luz Dary mara moja tu, kisha akarudisha macho kwa mzee.

— Niliogopa, mzee. Naomba radhi.

Luz Dary akaweka kijiko chini.

— Anadanganya, Baba. Hakuogopa. Alikuwa hospitali, na aliyempeleka huko ni mimi.

Akasimulia yote, mfuko wa buluu, ukungu, siku mbili za joto, na ule ujumbe aliouandika. Mama yake akaziba mdomo kwa kitambaa cha jikoni. Ancízar aliinamia sahani, masikio yamemwiva.

Mzee Evelio akanyanyuka, akaingia jikoni. Walisikia sufuria, wakasikia kisu kikikata limau. Akarudi na kikombe cha bati kinachofuka mvuke, akakiweka mbele ya mgeni.

— Aguapanela. Imechemshwa leo.

Ancízar akakinywa chote, moto hivyohivyo, mpaka kikombe kikaonyesha kitako chake.

— Haya, akasema mzee. Getini sikukupa nafasi. Sema sasa kilichokuleta.

— Nimekuja kumuomba binti yako, mzee.

Mzee akafungua mdomo ajibu, lakini Luz Dary alikuwa ameshasema ndiyo.