Vidirisha Mia Nne vya Warrawong

Damu ilitangulia mapenzi. Jumamosi ile ya Machi 1988 ukumbi wa maskauti wa Warrawong ulifurika watu waliokuja kununua kompyuta za mitumba, na Glenys Pargeter, katika sketi ya kijani na koti lenye mabega ya sponji, aliiona printa aliyoitafuta mwaka mzima. Akaikamata. Ng'ambo ya meza mikono miwili mipana, yenye makovu ya moto, nayo ikaikamata.

"Niachie," alisema Glenys.

"Nimeiona kwanza, dada."

"Mimi ndiye mtunza maktaba wa chama hiki cha kompyuta!"

"Basi kaitunze maktaba."

Glenys alivuta kwa nguvu zake zote. Jamaa, kwa uungwana, akaachia. Pembe ya printa ikamchana Glenys mdomo wa chini, na damu ikamwagikia blauzi.

"Yesu wangu! Nimekuua?"

"Bado. Leta kitambaa, mjinga we, usisimame hapo kama nguzo!"

Aliitwa Zlatko Risteski, mchomeleaji wa kiwanda cha chuma cha Port Kembla. Siku hiyohiyo alimbebea printa mpaka nyumbani, na tangu kesho yake simu haikupoa.

"Mdomo unaendeleaje?"

"Umevimba. Siwezi kumbusu mtu."

"Nani amekuomba busu?"

"Wewe. Utaniomba kesho."

Kweli, aliomba, akapewa. Mwezi uliofuata akajiunga na chama. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wanachama walikuja na diski tupu, na Glenys na Zlatko, bega kwa bega, wakawanakilia programu za bure kutoka maktaba ya diski mia nne. Hapakuwa na mshahara, ila chai na mkate wenye soseji. Watu walikuja hata kama hawana diski, mradi wawaone wawili hao wakitaniana.

Chama kilianzishwa na baba yake Glenys, mzee Mervyn, mwaka 1979, kwenye banda la gari lake, watu sita na mashine moja. Mzee alikuwa akiandika historia yake: nani aliunganisha waya gani, nani aligombana na nani, nani alifukuzwa na kwa nini. Yote yalikuwa kwenye diski namba moja, na alikataza isinakiliwe mpaka amalize. Ukaidi gani huo! Watu waliokuwa wakinakili kutwa nzima, historia yao wenyewe ikabaki kwenye diski moja. Julai moyo wa mzee ukasimama, sura ya mwisho ikiwa nusu. Kiti cha uenyekiti kikachukuliwa na mwanawe Garth, pande la mtu, mwepesi wa mkono tangu utotoni.

Majira hayohayo ya baridi chama kilihama kutoka diski kubwa laini kwenda ndogo ngumu, na zile kubwa zikafutwa zikauzwa. Ile kubwa, ukiziba pengo lake la ubavuni, hakuna kitu kinachoweza kuandikwa juu yake. Kwa hiyo Glenys aliketi siku mbili akafunga kwa kidole gumba kidirisha cha pembeni cha kila diski ndogo, zote mia nne, ya baba yake ikiwa ya kwanza. Alilala usingizi mzuri.

Septemba Zlatko alikuja na mchezo aliopewa na mwenzake wa kazini, akauendesha kwenye mashine ya chama. Saa moja baadaye Garth alitia diski ya baba yake humohumo ili aichape. Skrini ikajaa alama zisizosomeka. Akajaribu tena. Hapakuwa na neno hata moja la mzee.

"Nani kaingiza uchafu humu?" alinguruma Garth.

"Labda ule mchezo wangu ulikuwa na virusi," alisema Zlatko, uso umemshuka. "Lakini diski zenu si zimekingwa?"

"Nimezifunga kwa mkono wangu," alisema Glenys. "Kama imeandikwa juu yake, kuna mtu aliifungua. Na anayekaa na maktaba ni mimi na wewe tu."

"Glenys, mpenzi. Mimi? Niifungue ya nini?"

"Umemuua baba yangu mara ya pili."

Garth alinyanyua kiti cha chuma cha kukunja. Pigo la kwanza likatua begani. Zlatko akashika ukingo wa meza kwa mkono wa kulia asianguke, na la pili likashuka juu ya mkono huo. Ukumbi mzima ulisikia mifupa.

"Glenys, mwambie aache!"

Glenys alimtazama mtu aliyempenda kuliko wote waliobaki duniani. Moyo wake ulikuwa mweusi.

"Mpige," alisema.

Garth akapiga mkono uleule.

Wiki tano baadaye, katika darasa la wanaoanza alilofundisha Glenys, Bibi Beryl Tancred, mshonaji mstaafu, aliinua kikaratasi.

"Mwanangu, hiki kilichotoka kwenye boksi la diski kinasema ukitaka kuikinga diski, acha kidirisha wazi."

"Hapana, bibi. Kikiwa wazi ndiyo haikingwi."

"Haya, soma mwenyewe. Mimi najua sindano tu."

Glenys alisoma mara tatu. Diski ndogo zilikuwa kinyume cha zile kubwa: kidirisha kikifungwa, chochote kinaandika. Alikwenda chooni akaupiga ukuta wa matofali ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Kisha alipiga simu.

"Zlatko, usikate."

"Sema."

"Hukugusa kitu. Ni mimi. Nilizifunga kumbe ndiyo nazifungua, zote mia nne."

"Kwamba sikugusa kitu, Glenys, hiyo si habari kwangu."

"Mkono je?"

"Vyuma viwili, skrubu tano. Nafasi yangu kiwandani kapewa mwingine."

"Njoo Jumamosi saa nane. Nitasema mbele ya watu wote."

"Uliposema nipigwe pia walikuwepo watu wote." Akakata.

Jumamosi Garth alimbana Glenys ukutani kabla ya mkutano. "Ukifungua mdomo, polisi watanijia mimi. Mimi ni damu yako. Yule ni nani?"

"Ni mtu tuliyemvunja."

Glenys alipanda mbele ya watu sitini akasema yote: vidirisha, diski ya baba, na lile neno lake moja. Hakujipunguzia. Garth alimrukia, akamkamata nywele, akampiga kofi lililomtoa hereni. "Funga bakuli lako!" Glenys, machozi yakimtoka, alipapasa mezani, akapata kibodi, akaizungusha kwa mikono miwili. Ilimpata Garth puani. Vitufe vikarukia dari, na mwenyekiti akaenda chini akishika uso, damu ikichuruzika vidoleni. Wanaume wanne wakamkalia.

Mlangoni alisimama Zlatko, mkono kwenye bandeji ya shingoni. Aliona yote, akageuka, akatoka. Glenys akamkimbilia mpaka penye magari.

"Umempiga ndugu yako," alisema Zlatko bila kumtazama.

"Nilipaswa kumpiga siku ile."

"Ndiyo. Siku ile."

"Sikuombi unisamehe leo. Natoa ushahidi polisi, juu yake na juu yangu. Halafu ukiniambia niondoke, nitaondoka." Akamzunguka, akasimama mbele yake. "Nakupenda, Zlatko. Nilikupenda hata nilipolisema lile neno, na hilo ndilo linalonitisha."

Zlatko akautoa mkono wa kulia kwenye bandeji, mwembamba, uliopinda, mshono mwekundu kutoka kifundo hadi kiganja, akamnyooshea. Glenys aliushika kwa mikono yake yote miwili, akaukaza bila kujijua. Zlatko akauma meno, jasho likamtoka usoni.

"Unaniumiza," alisema.

Glenys akalegeza haraka. "Nikuachie?"

"Nimesema unaniumiza. Sijasema uniachie."