Mswala wa Pili

Wiki ya sita tangu amzike mkewe, mlinzi wa mnara wa simu alimaliza dua ya adhuhuri ndani ya nyumba yake, na nyuma yake mtu akaitikia, "Amina."

Hakushtuka. Kule nyikani mtandao ulikuwa tele na watu hakuna. Mgeni wake pekee alikuwa dereva wa lori la maji, mara moja kwa mwezi. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi tangu mazishini, hata chozi halikumtoka. Mswala wa mkewe aliendelea kuutandika nyuma ya wake kwa mazoea tu, na kumbe alikuwa anakaribisha kitu.

Tangu hapo kila adhuhuri akasikia magoti yakilia ko! nyuma yake, sawasawa na ya marehemu, akanusa mafuta yake ya nywele, na ndani ya mafuta, harufu ya manyoya yaliyoungua. Potelea mbali, akajisemea, angalau nina mwenzangu.

Siku moja bintiye akapiga simu kabla hajainuka mswalani.

"Baba, upo na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Mbona kuna mtu anacheka?" Binti akashusha sauti. "Baba, ondoka humo. Tafadhali."

"Niende wapi? Mama yako yumo humu."

Kesho yake alikuta mswala wa pili umeshatandikwa, si nyuma ya wake bali mbele, na pale pa kuwekea paji la uso pamebabuka, na alipoinua mikono aanze kusali, magoti yakalia ko! mbele yake kabla yeye hajainama, na mgongo wake ukaanza kujikunja wenyewe kukifuata kitu asichokiona, hadi pua yake ikakaribia ile sehemu iliyoungua, na hapo ndipo alipojiuliza anamsujudia nani.

"Hapana," akasema, akajiburuta hadi mlangoni.

Alisali chini ya mnara, juu ya changarawe, jua la utosi. Mawe yalimchoma paji la uso. Kwenye dua akamtaja mkewe kwa jina, mara ya kwanza tangu mazishini, na ganzi ikamwachia ghafla, akalia kwa kwikwi hadi ndevu zikalowa. Kisha akangoja kuitikiwa, kama alivyozoea.

Ndani ya nyumba magoti yakalia ko! Sauti ya mkewe ikaita taratibu, "Mume wangu, rudi ndani. Jua kali."

Aliitamani sauti ile kuliko maji. Hakugeuka.

"Amina," akajiitikia mwenyewe.