Ulimi wa Kengele ya Nado

Kila asubuhi Namelok alisaidia kukamua, akanawa, akavaa sare na kushika njia ya shule. Nyuma yake ilimsindikiza sauti ya kengele ya Nado, ng'ombe mwekundu aliyeongoza kundi. Asubuhi ile hapakuwa na sauti. Shingo ya Nado ilikuwa imechubuka na kutoa maji, kwa hiyo jana yake mama aliivua kengele akaitundika ukutani, juu ya ngozi anayolalia Ngoyai, mdogo wa mwisho wa Namelok.

Kaka yao, Lesiamon, alikuwa amelazwa hospitalini Karatu. Paja lake lilianza kwa wekundu, likatoka malengelenge, na sasa nyama ilikuwa inaoza.

"Umeungua na nini?" Daktari Germana alimuuliza Lesiamon, Namelok akiwa pale pale.

"Sijaungua, daktari."

"Kijana, usinifiche. Hili ni jeraha la moto."

"Basi ni moto nisiouona," Lesiamon alijibu, akajaribu kucheka, akashindwa.

Majirani walisema kijana na ng'ombe wamepata ugonjwa mmoja wa kuambukiza. Wakaacha kunywa maziwa ya boma la kina Namelok.

Siku hiyo, Mwalimu Clemensi alikuwa akilifundisha darasa la Namelok, kidato cha kwanza, alama za hatari za maabara. Alichora pembetatu, na ndani yake mabapa matatu yaliyozunguka nukta.

"Hii je?"

"Feni!" Moringe alipaza sauti kutoka dawati la nyuma. Darasa likaangua kicheko.

"Feni ya kwenu labda. Hii ni alama ya mionzi. Kuna vitu ambavyo atomi zake hazitulii. Zinavunjika zenyewe na kurusha mionzi. Mionzi hiyo hung'oa elektroni kwenye atomi za mwili wako, na chembe hai zinaharibika. Huioni, hainuki, haina joto la kukushtua. Jeraha linaweza kutokea baada ya siku nyingi, na wewe umeshasahau ulishika nini."

Namelok aliacha kuandika. Alama ile aliijua. Wakati wa likizo, mafundi wa mabomba ya maji walizungushia kambi yao utepe wenye alama hiyo. Baba alikuwa amewakataza watoto wake kuuvuka. Namelok aliinama akapita chini yake, akaokota kipande cha waya mnene chenye kichwa cha chuma king'aacho. Kilifanana kabisa na ulimi wa kengele, na kengele ya Nado wakati huo ilikuwa imepoteza ulimi wake.

"Umekitoa wapi, msomi wetu?" Lesiamon alimuuliza kwa furaha.

"Barabarani."

Lesiamon alishinda nacho machungani, kikiwa mfukoni mwa suruali. Jioni akakifunga ndani ya kengele.

Akisema sasa, wote watajua ni yeye aliyemuumiza kaka yake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini usiku Ngoyai atalala chini ya kengele ile tena.

Alisimama, akasema yote.

Mwalimu Clemensi hakumkaripia. Alimpigia simu Daktari Germana, akampakia Namelok kwenye pikipiki, wakaenda mbio mpaka bomani.

"Mama, mtoe mtoto! Tokeni wote!"

"Mwalimu, nyumba inaungua?"

"Inaungua, mama. Ila moto wake hauonekani."

"Basi ngoja niitoe kengele."

"Usiiguse! Sogeeni mbali. Umbali ukiwa mara mbili, ukali wa mionzi unabaki robo tu."

Wataalamu wa mionzi walifika kutoka Arusha. Kifaa chao cha kupimia mionzi kililia kama mahindi yanayokaangwa, na kadiri walivyokaribia mlango ndivyo kilivyozidi. Walikishika chuma kile kwa koleo refu, wakakitia kwenye sanduku zito la madini ya risasi, yanayozuia mionzi. Kilikuwa kiini cha chombo cha kupimia viungio vya mabomba kwa mionzi. Mafundi wa mabomba walikipoteza wakanyamaza, kwa kuogopa kufukuzwa kazi.

Mama, Ngoyai na Namelok mwenyewe walipimwa damu, na wataendelea kupimwa. Nado alikufa. Lesiamon alikatwa nyama kubwa ya paja. Atatembea kwa fimbo.

Namelok alipokwenda kumwona pamoja na mama, Ngoyai na mwalimu, mama alimvuta Ngoyai asiguse kitanda. Mwalimu Clemensi akaketi kitandani makusudi, akamshika Lesiamon mkono.

"Mama, huyu hana mionzi. Aliyeunguzwa na jiko haunguzi wenzake. Kilichokuwa kikirusha mionzi ni kile chuma, na kimeshaondolewa."

"Lesiamon," Namelok alisema, "sikukiokota barabarani. Nilivuka utepe."

Kaka yake alimgeukia.

"Ungeniambia hivyo siku ile, ningekurudisha nacho kule kule. Ningekuchapa, lakini ningekurudisha."

Namelok alilia. Hakuna aliyembembeleza. Mwishowe mwalimu akasema:

"Sikia, binti. Kile chuma hakina sauti wala harufu ya kumwonya mtu. Alama ilikuonya, ukaipita. Baada ya hapo aliyebaki na ulimi wa kusema ni wewe tu. Mafundi walinyamaza, nawe ukanyamaza, na paja la kaka yako limelipia. Lakini darasani ulisema, ndiyo maana Ngoyai amesimama hapa. Ukiiona tena ile alama, usiguse, ondoka, na umwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama utachapwa."

Wataalamu waliipima kengele, wakaikuta haina mionzi, wakairudisha bomani. Mama hakuivisha ng'ombe mwingine. Aliitundika mlangoni, bila ulimi.