Majani Yaliyorushwa Ukutani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mapepe alifagia ua. Jina hilo alibandikwa na mama yake, kwa sababu hakuweza kumaliza kazi bila miguu kumuwasha. Alifagia chapuchapu, akajaza majani kwenye karai, na hapo ndipo uvivu ulipoanza. Jalala lilikuwa mbali, kule mwisho wa mtaa.

Jioni alikuwa na kazi nyingine: kufunga madirisha. Jua likianza kuzama, mtaa mzima ulichoma taka, na moshi ukatanda kila mahali. Mdogo wake alikuwa na pumu. Saa hizo alikaa kitandani ameegemea mito, kifua kikimlia kama filimbi.

"Leo nani anachoma?" aliuliza kila siku.

"Nani tena? Fundi seremala," Mapepe alijibu.

Fundi aliishi nyuma ya ukuta wao. Alichoma maranda yaliyotoka kwenye randa yake, na moshi wa kwake ulikuwa mzito kuliko wa wote. Mama aliziba chini ya mlango kwa matambara yaliyoloweshwa maji, lakini moshi ulipenya tu. Alishachoka.

Jioni moja kifua kilimbana mtoto mpaka midomo ikabadilika rangi. Dawa ya kuvuta ilichelewa kumsaidia. Mama alimpakata akimpepea, naye Mapepe alisimama pembeni. Aliogopa kwamba mdogo wake angekufa pale pale, mbele ya macho yake.

Kulipokucha, mama alifudikiza karai karibu na ukuta, akapanda juu yake na kuchungulia upande wa pili.

"Wewe fundi! Unataka kuniulia mtoto?"

Fundi aliweka randa chini. "Mama, salamu hakuna leo? Mtoto kapatwa na nini?"

"Jana nusura afe! Kila siku moshi wako, moshi wako! Huna hata huruma?"

Fundi alitazama shimo lake la kuchomea taka, akajikuna kichwa. "Jirani, maranda ni makavu. Yanawaka mara moja yanakwisha. Kinachofuka ni yale majani mabichi, na hayo ni yenu."

"Yetu?"

"Si mnanirushia huku kila asubuhi? Mimi nikajua mnaogopa kuchoma kwenu kwa sababu ya mtoto. Nikasema, ujirani ndio huo, ngoja niwachomee."

Mapepe alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama aliteremka polepole, akamtazama.

"Ni mimi, mama," Mapepe alisema huku machozi yakimtoka. "Jalala ni mbali. Nilikuwa nayarusha ukishaingia ndani. Nisamehe."

Mama hakumgombeza. Alikaa juu ya karai, akashika kichwa kwa mikono miwili. Hilo lilimuuma Mapepe kuliko fimbo.

Siku hiyo hiyo Mapepe alichimba shimo nyuma ya nyumba, akatia majani na kuyafukia kwa udongo. Fundi naye alijaza maranda kwenye magunia, akampa mfuga kuku mmoja wa mtaani atandike bandani. Mama alipita nyumba kwa nyumba kuwasihi majirani. Kila mmoja alimpa pole, kisha akamwambia akaanze na jirani mwingine.

Jioni hapakuwa na moshi kwa fundi. Mapepe alifurahi, akaacha dirisha wazi. Muda si muda, harufu ikaingia. Kwa mshona viatu palifuka, kwa muuza duka palifuka, na nyumba yenye geti jekundu ilikuwa haionekani kwa moshi.

"Sasa tumefanya nini, mama?" aliuliza kwa unyonge.

"Kidogo sana, mwanangu," mama alisema. "Sijui kama mtaa huu utaacha, na kusema kweli sina tumaini. Lakini nilimtukana jirani kwa majani ya nyumbani kwangu. Uvivu wako ulimtesa mdogo wako, na ukimya wako ukaniaibisha mimi. Kuanzia leo, kabla hujamlaumu mtu, tazama kwanza wewe umetupa nini na wapi."

"Nimesikia, mama."

Kitandani mdogo wake alikohoa, akajiinua juu ya mito. "Leo nani anachoma?"

Mapepe alifunga dirisha, akashindilia tambara chini ya mlango.

"Wengi," alisema. "Lakini si sisi."