Refa Apewa Kadi Nyekundu

Siku za kazi alikuwa fundi wa madirisha ya vyuma. Jumapili alichezesha mpira mtaani, ndiyo maana kila mtu alimwita Refa. Hata mama mkwe wake, aliyeishi nao, alimwita hivyo. Kila asubuhi wawili hao walitaniana kwenye chai mpaka chai ikapoa.

Asubuhi hiyo mama hakutania. Alikaa kitandani akihema kwa shida, midomo imebadilika rangi. Refa na mkewe walikodi teksi mbio hadi kituo cha afya.

Mlangoni nesi alimbana mama kidole kwa kifaa kidogo. Akasoma namba, akampa Refa kadi nyekundu.

"Ngojeni hapa, mtaitwa sasa hivi," alisema, akakimbilia ndani.

Refa aliitazama ile kadi. Watu wote kwenye benchi walikuwa na kadi za kijani, wachache za njano. Nyekundu alikuwa nayo yeye peke yake, na nyekundu aliijua vizuri. Alikuwa amewalima wachezaji wengi kadi hiyo.

"Wamemwona ni mzee, wanamtoa nje," alijisemea. Akaisukumiza mfukoni. Kisha akaokota kadi ya kijani iliyoachwa kwenye benchi na mtu aliyechoka kungoja.

Nesi mwingine akachungulia. "Kadi nyekundu yuko wapi?"

Refa akatazama dari.

"Kadi nyekundu?"

Mkono wa mama ulikuwa unapoa ndani ya mkono wake.

"Mume wangu, ile kadi iko wapi?" mkewe aliuliza.

"Nyamaza. Wanataka kumtoa nje."

Mama mmoja mfanya usafi alikuwa anapiga deki karibu yao. Akasimama.

"Kumtoa wapi, baba? Hapa si uwanjani. Hapa nyekundu ndiye anayeingia kwanza. Mashine ya oksijeni ni moja tu, na inamngoja yeye."

Refa aliruka. Akachomoa kadi mfukoni, akainyanyua juu, mkono umenyooka kabisa, kama alivyozoea. Benchi zima likacheka. Nesi alikuja mbio na kiti cha magurudumu, wakamwingiza mama ndani.

Mzee mmoja mwenye koti hakucheka. "Sisi tuko hapa tangu alfajiri," alisema. "Yeye kaja sasa hivi, kapita."

Nesi aliyetoa kadi alirudi, akachuchumaa mbele yake.

"Mzee wangu, goti linakuuma, najua. Utatibiwa leo hii hii. Lakini goti litangoja mpaka mchana. Pumzi ya yule mama haingoji. Daktari ni mmoja, mashine ni moja. Hatutazami nani kawahi, nani mzee, wala nani ana ndugu humu ndani. Tunatazama nani hawezi kungoja."

"Na mimi nikizidiwa hapa nilipokaa?"

"Niite. Nitakupima tena, na kadi itabadilika."

Mzee alifikiri. "Basi mngetuambia tangu mwanzo."

"Hapo umenishinda," nesi alikubali.

Alasiri mama alikuwa anapumua vizuri. Midomo ilikuwa imerudia rangi yake.

"Refa," alisema taratibu, "nasikia uliniweka mfukoni."

Refa alicheka huku machozi yanamtoka. "Nisamehe, mama. Niliogopa watakuacha kwa sababu ya umri."

Wiki iliyofuata alichomelea fremu ya bango, akalifunga mlangoni pa kituo. Maandishi yalikuwa makubwa: NYEKUNDU HAWEZI KUNGOJA, MPISHENI. NJANO ANGOJE KIDOGO. KIJANI ANAWEZA KUNGOJA. UKIZIDIWA, MWITE NESI.

Miezi miwili baadaye Refa aliungua mkono kazini. Akapewa kadi ya njano, akangoja, zamu yake ikafika. Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango wa daktari alipoingia mwanamke mbio, amebeba mtoto aliyelegea. Mtoto akapewa nyekundu.

Hakuna aliyeambiwa kitu. Watu walivuta miguu yao, njia ikafunguka. Refa alimfungulia mwanamke mlango, akarudi kukaa. Mkono ulimwaka vibaya. Alikuwa anaogopa, lakini si kwa ajili ya mkono.

Dakika kumi zikapita. Kisha kilio cha mtoto kikasikika kutoka ndani, kikali, cha hasira, na benchi zima likapiga makofi.